Shule ya Jumanne na Alhamisi

Mnarani, Mlima Harrow
12 Juni 1991

Dada Ardith,

Nimefika. Theluji bado imekalia ngazi za juu za mnara, ikabidi Orville aichimbue kwa sepetu huku nyumbu wake wa mizigo wakinitazama kama wanaouliza, mama wewe, huna kwako? Kibanda ni kilekile: vioo pande zote nne, kitanda, jiko la kuni, na ile meza yenye ramani katikati. Hii ni mara ya kumi na moja shule zikifungwa napanda huku kuulinda msitu na moto, na bado nikifungua mlango napata haya, kama mgeni aliyewahi kabla wenyeji hawajaamka.

Asubuhi ya leo mawingu yalilala bondeni. Larchford yote ilikuwa chini yake, na kanisa lenu, na kiwanda cha mbao, na wewe na birika lako. Mimi huku nikawa naona vilele tu, kama migongo ya ng'ombe waliolala majini. Nilikaa na kikombe mkononi mpaka kahawa ikapoa. Nilijiona nimo ndani ya ndoto ya mtu mwingine, naye hana haraka ya kuamka.

Redio ninayo, ila ni ya habari za moto tu, na walinzi wa milima yote wanasikiliza. Kwa hiyo mambo yetu yatapita kwa Orville, kila baada ya wiki mbili, pamoja na viazi na mafuta ya taa.

Sasa nijibu. Kabla sijapanda nilikupigia simu Jumanne jioni, kimya. Alhamisi, kimya. Jumanne ya pili, vilevile. Tangu shemeji Lloyd afariki, wewe saa kumi na mbili uko jikoni kwako na taa imewaka. Ulikuwa wapi?

Mwezi wa huku una pete tatu kuuzunguka. Nadhani ni baridi.

Mdogo wako,
Marit


Larchford
20 Juni 1991

Mdogo wangu Marit,

Kwanza vaa soksi mbili. Najua hujavaa.

Huku tu wazima. Jikoni kwenye shule ninapopika tulifunga tarehe saba. Tumesugua masufuria mpaka yanatuonyesha sura zetu, jambo ambalo kwa umri wangu si zawadi. Cheri zimeanza kuiva kando ya ziwa. Nimetengeneza lefse, zile chapati zetu za viazi, nimempa Orville sita akuletee. Zikifika nne, ujue zilianguka njiani zikaangukia mdomoni mwake.

Hizo Jumanne na Alhamisi naenda darasa la kushona mablanketi ya viraka, pale kwenye chuo cha jamii. Tuko watu tisa. Mwalimu ni binti mdogo, Bi Joyner, ana umri wa viatu vyangu vya kanisani, lakini anaheshimu watu. Anatupa kazi za kufanya nyumbani. Sikujua viraka vina mambo mengi hivyo.

Jana mchana nilisinzia kitini nikamwona mama. Alikuwa jikoni kwenye nyumba ya zamani, amenipa mgongo, anahesabu vijiko kwenye droo. Kila akifika saba anaanza upya. Nikataka kumwambia vilivyobaki ni vingapi, sauti haikutoka. Nilipoamka mvua ilikuwa inanyesha na jua linawaka, na bustani yote inatoa mvuke.

Hizo pete za mwezi, umemwambia mtu?

Dada yako,
Ardith


Mnarani, Mlima Harrow
27 Juni 1991

Dada Ardith,

Zimefika tano. Orville anasema ya sita nyumbu alimwomba kwa adabu.

Yuko hapa chini anapumzisha wanyama, nami naandika haraka haraka. Hebu sikiliza alichonipa pamoja na viazi. Anasema Jumanne alikuona unapanda gari la Clyde Vantreese, yule mzee mwenye ndevu aliyekuwa anafanya kazi kwenye treni. Anasema ulikuwa umevaa ile blauzi ya bluu, na mkononi una mkoba umejaa vitabu.

Vitabu, dada. Viraka hushonwa kwa sindano.

Mimi sikatazi. Lloyd ana miaka minne kaburini, na wewe si mtawa. Lakini ningependa kusikia kutoka kwako, si kwa Orville, ambaye akijua jambo hata mawe ya njiani yanalijua. Kama unataka kuolewa, sema. Kama unataka kuuza nyumba, sema mapema, maana ile ndiyo nyumba pekee ambayo miguu yangu inaijua gizani.

Siku hizi hewa ni kama maziwa. Milima ya mbali inayeyuka ikifika mchana, sioni inapoishia wala mbingu inapoanzia. Ni kuzuri, dada, ila kunachosha macho.

Marit


Larchford
5 Julai 1991

Marit,

Clyde Vantreese ana miaka sabini, ananuka mbwa, na njia nzima hanisemeshi ila kuniuliza saba mara nane. Wewe ungeolewa naye?

Tunakwenda darasa moja, gari langu linazima kwenye mteremko, lake halizimi. Basi. Hiyo ndiyo ndoa yenyewe.

Umepewa darubini uangalie msitu. Mambo yangu yaache.

Nyumba siuzi.

Ardith


Mnarani, Mlima Harrow
31 Julai 1991

Dada,

Sijui barua hii itakufikia lini. Orville amezuiwa kupita, kwa hiyo nampa rubani wa helikopta aliyetuletea maji.

Najua mnauona. Moto ulianza Jumapili kwenye Korongo la Pemberton, radi isiyo na mvua ya usiku wa kuamkia siku hiyo iliuacha ndani ya mti, ukalala humo kama kaa kwenye majivu, mchana upepo ukauamsha. Mwenzangu wa Mlima Sable ndiye aliyeuona kwanza. Mimi kwangu kulikuwa na ukungu. Ulifunika upande ule wote. Ndivyo nilivyowaambia kwenye redio.

Tangu hapo jua ni kama kiini cha yai, unaweza kulikodolea macho lisikudhuru. Majivu yanaanguka juu ya ramani yangu polepole, mepesi, nikiyagusa hayapo. Usiku na mchana vimekuwa ndugu. Ndege wameacha kuimba, na kulungu wanapita chini ya mnara bila kunitazama, wote wakielekea upande mmoja, kama watu wanaotoka ibadani.

Nasikia barabara ya mtoni imefungwa. Nasikia nyumba zimeungua. Redio haitaji majina. Niambie nyumba yetu ipo. Niambie wewe upo.

Naomba unijibu, hata kama bado umekasirika.

Marit


Larchford, ukumbi wa michezo wa chuo
6 Agosti 1991

Mdogo wangu,

Nipo. Nyumba ipo. Upepo uligeukia mtoni ukatuacha. Upande wa pili haukuwaacha: nyumba nne zimekwisha, ya Clyde ikiwa mojawapo. Yeye na mbwa wake walitoka. Hakuna aliyekufa, tumshukuru Mungu kwa hilo.

Ukumbi wa chuo umekuwa kambi. Vitanda vimepangwa chini ya pete za mpira wa kikapu, nusu ni vya wazima moto, nusu ni vya waliohama. Mimi napika. Mayai mia mbili kila asubuhi. Moshi umeingia humu kidogo, taa zote zina utandu wa manjano, na vijana wa kuzima moto wanalala mchana na buti zao, nyuso nyeusi, midomo wazi kama watoto. Napita katikati yao na sufuria, sijui kama nimeamka au nimelala.

Ijumaa alikuja Clyde dirishani nilipokuwa napakua. Nikadhani anataka supu.

"Bi Brekke," akasema, "kile kitabu cha hesabu unacho? Changu kimekuwa majivu."

"Clyde, nyumba yako imeungua."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba kitabu. Nikikaa bure nitalia, na nikianza mimi, mbwa naye ataanza, na hapa watu wamelala."

Nikamletea. Akakaa kwenye ngazi za mashabiki, mbwa miguuni, akafanya hesabu za sehemu mpaka jioni.

Nikamwangalia, Marit, nikaona aibu. Mtu amepoteza kila kitu, na hafichi kwamba anajifunza sehemu. Mimi nina nyumba nzima na nimejificha nyuma ya viraka.

Basi sikia. Sishoni. Lile ni darasa la watu wazima, ngumbaru kabisa, la kujiandaa na mtihani wa cheti cha sekondari kwa wale tulioacha shule. Mtihani ulikuwa uwe Jumamosi iliyopita. Wameuahirisha hadi tarehe thelathini na moja.

Mimi sikumaliza shule. Ninajua nilikuambia nimemaliza. Nilikuambia pia kwamba cheti kililowa maji kikaoza. Hakikuwahi kuwepo. Mama alikufa Januari ya 1947, baba alikuwa kambini anakata magogo, na wewe ulikuwa na miaka sita na bado unaweka viatu mguu huu kwa ule. Nikaacha Februari, imebaki miezi minne. Nilikudanganya kwa sababu moja tu: ulipofika darasa la tisa ulitaka kuacha, ukasema unataka kufanya kazi unisaidie. Kama ungejua kwamba niliacha mimi, ungepata kisingizio. Kwa hiyo nikamaliza shule palepale, siku hiyo, nikiwa nimesimama mbele ya jiko.

Halafu uongo ukazoea nyumba.

Unakumbuka Krismasi ya 1963? Ulikuwa unafundisha mwaka wa pili, umejaa maneno. Lloyd alikosea kitu fulani, jina la mji mkuu wa nchi gani sijui. Ukamwambia mbele ya watu wote, "Shemeji, anayeacha shule ni mvivu wa kufikiri. Mbona Ardith alimaliza, na mimi niko mgongoni?" Watu wakacheka. Lloyd alijua. Ndiye mtu pekee aliyejua. Alinitazama, akakutazama, akasema, "Ni kweli, shemeji." Akaendelea kukata nyama.

Siku ile ndipo nilipofunga mlango. Nisingeweza tena kukuambia.

Kwa nini sasa, na miaka sitini na moja? Nimeota ndoto moja kwa miaka arobaini na minne. Niko darasani, ubaoni kuna hesabu imeishia katikati, mwalimu ananinyooshea chaki, na mimi nimevaa nguo za kufulia. Nilitaka tu nijue ile hesabu jibu lake ni ngapi.

Dada yako,
Ardith


Mnarani, Mlima Harrow
9 Agosti 1991

Dada Ardith,

Nimeisoma barua yako mara nne. Mara mbili kwa lenzi ya ramani.

Nitaanza na hilo la lenzi, kwa sababu nikianza na Lloyd sitafika mwisho.

Siku ya moto hakukuwa na ukungu. Kulikuwa kweupe kama sahani. Saa nane na nusu mchana niliona kitu cha kijivu juu ya Korongo la Pemberton, nikasema, ni macho yangu. Tangu Februari nina utando. Asubuhi ni mwembamba, mchana unanenepa, kila taa ina pete, kila mlima una shela. Daktari wa mjini Spokane aliniambia jina lake: mtoto wa jicho, macho yote mawili, na akanipa tarehe ya kupasuliwa mwezi Juni. Sikwenda. Ningekwenda, ningekosa majira haya mnarani, na pengine wasingenirudisha tena. Nikajiambia ninaujua msitu huu hata nikiwa nimefumba macho. Ndivyo nilivyofanya, dada. Niliulinda nimefumba macho.

Nilikaa na ile rangi ya kijivu mbele yangu dakika arobaini. Nilinywa chai. Nikasikia Sable anaita kwenye redio, anataja korongo langu, na hata hapo nikaangalia nikawa sina hakika.

Dakika arobaini, na upepo ule. Nyumba nne. Mzee anayefanya sehemu kwenye ngazi za mashabiki.

Nimemwita msimamizi leo asubuhi nikamwambia yote, waziwazi, walinzi wote wakisikiliza. Kisha yule wa Sable, ambaye sijawahi kuuona uso wake, akasema, "Nakusikia, Harrow." Hayo tu. Watamleta mtu wa kushika nafasi yangu.

Kuhusu 1963. Nimekuwa mwalimu miaka ishirini na tisa. Nimewaambia watoto wangapi ile hadithi yako, ya dada aliyemaliza shule na mdogo wake mgongoni? Niliitumia kama fimbo, kuwachapa nayo waliotaka kuacha. Na Lloyd alikula Krismasi ishirini na kitu mezani pamoja nami, akinipitishia chumvi.

Sijui mtu anamwombaje msamaha mfu. Wewe nakuomba. Na kama hutaki kunijibu, jua tu kwamba niliipata barua.

Marit


Larchford
17 Agosti 1991

Marit,

Nilikaa siku tatu bila kushika kalamu. Nilikuwa na hasira, na sikujua ni ipi nianze nayo.

Nikulee mimi, halafu na wewe ukalee mtoto wa jicho kimya kimya miezi sita, upande nao ngazi za mnara. Ungeanguka, ningeambiwa na nani? Na Orville?

Lakini nami nina miaka arobaini na minne ya kuficha, wewe una miezi sita. Siwezi kukurushia jiwe, mkono utaniuma. Yale ya Lloyd yamekwisha. Alikupenda. Alikuwa akisema, Marit anabweka kwa sababu anaogopa kurudishwa nyuma. Sikumwelewa wakati ule.

La Clyde ni jingine. Sikumwambia, na sitamwambia. Hilo ni lako. Usimpelekee kwa redio wala kupitia kwangu.

Kwenye darasa tumerudi. Bi Joyner anafundishia maktabani kwa sababu ukumbi bado una vitanda. Hesabu zinanikataa. Kusoma ninaweza, sayansi ninaweza, insha Bi Joyner anasema ninaandika kama mtu anayeongea na jirani, na kwamba hilo ni jema. Ila zile herufi zinazojifanya namba. Wiki hii nilisimama katikati ya jaribio, nikachukua mkoba, nikatoka. Nikakaa kwenye gari la Clyde. Moshi ulikuwa umeshuka mpaka kwenye lami, taa za maegesho zikielea zenyewe hewani, na kwa muda mrefu sikukumbuka nina umri gani. Ningeweza kuwa na kumi na sita. Clyde akaja, akafungua mlango wa upande wake, akakaa.

"Umesahau kalamu yako," akasema.

"Sirudi, Clyde."

"Sijasema urudi. Nimeleta kalamu." Akaiweka juu ya dashibodi, akaanza kuitazama kama anayemtazama samaki. Baada ya dakika kumi hivi nikaichukua nikarudi ndani.

Shuka mlimani, mdogo wangu. Wakikupitisha mjini kwenda Spokane, nitakuwa pale mwisho wa njia ya nyumbu na chai kwenye chupa.

Ardith


Larchford, nyumba ya dada yangu
16 Septemba 1991

Bi Marit Kolstad,

Mimi ni Clyde Vantreese. Sijui kama umeshapasuliwa. Kama bado, atakusomea mtu.

Barua yako nimeipata. Mke wangu alikuwa ndiye anajibu barua zetu, mpaka alipofariki. Kwa hiyo hii ni ya kwanza ninajibu mwenyewe. Nimeiandika mara tatu. Ukiona imekatwakatwa ni hiyo ya tatu, mbili za kwanza zilikuwa mbaya zaidi.

Unasema kama ungeita mapema huenda nyumba yangu ingekuwepo. Nimeuliza mmoja wa wazima moto. Akasema labda. Kwa hiyo siwezi kukuambia si kitu. Niliishi pale miaka thelathini na moja. Mlangoni kulikuwa na alama za urefu wa binti yangu. Nikilala bado nakwenda kufungua ule mlango na mkono wangu unashika hewa.

Nilikasirika nawe siku nane. Nimezihesabu. Siku ya tisa nilikumbuka mwaka 1958. Nilikuwa nafunga breki kwenye treni ya mizigo, na karatasi ya maagizo ilibadilishwa, na sikuweza kuisoma vizuri, na niliona aibu kuuliza. Nikafanya kama jana yake. Mtu mmoja alivunjika mguu. Hakuna aliyejua kwa nini, ila mimi. Sikumwandikia. Nilikuwa siwezi, halafu nilipoweza kidogo alikuwa ameshahama.

Wewe umeandika.

Naomba usirudi mnarani mpaka uone vizuri. Hilo ndilo ninalotaka. Jingine sitaki.

Nimefaulu sayansi na kusoma. Dada yako amefaulu masomo manne kati ya matano. Hesabu imetupita wote wawili. Mbwa anaendelea vizuri.

Wako,
Clyde Vantreese


Spokane
2 Oktoba 1991

Dada,

Samahani kwa herufi kubwa, jicho moja bado limefunikwa.

Hili jingine walilifungua juzi. Nikasimama dirishani. Hakuna aliyeniambia kuhusu bluu. Nilikuwa nimeisahau, Ardith, polepole, kama mtu anavyosahau sauti ya mama yake, na sikujua kwamba nimesahau. Sahani ya hospitali ilikuwa na mstari wa bluu ukingoni, nikaukodolea macho mpaka muuguzi akaniuliza kama kuna nywele kwenye chakula.

Barua ya Clyde ilisomwa na huyo huyo muuguzi, kabla sijapasuliwa. Alipofika kwenye "Wewe umeandika" akaniuliza kama aendelee. Leo nimeisoma mwenyewe, na yale yaliyokatwa pia. Kwenye moja ya yale yaliyokatwa aliandika "Nakuchukia," akakata, akaandika "Nilikasirika." Naiheshimu zaidi kwa sababu hiyo.

Sirudi mnarani. Si msimu ujao, si ule mwingine. Nimewaandikia. Nililia kidogo, kisha nikaenda kununua viatu.

Mtihani wa hesabu unarudiwa lini? Ninafundisha jiografia, sina faida kubwa, lakini naweza kuja Jumamosi nikakaa mezani kwako nikakuuliza maswali.

Marit


Larchford
5 Oktoba 1991

Marit,

Tarehe tisa Novemba. Njoo. Leta na hivyo viatu tuvione.

Ila usinifundishe kwa sauti ya mwalimu. Nikiisikia nitakupa viazi umenye.

Ardith


Larchford
15 Januari 1992

Mdogo wangu Marit,

Cheti kimefika juzi kwa posta, kwenye bahasha ya kahawia, pamoja na tangazo la matairi. Nilinawa mikono kabla ya kuifungua. Karatasi yenyewe ni nyepesi. Jina langu wamelipatia vizuri. Nilikaa nacho mezani, theluji inaanguka nje bila upepo, wima kabisa, na nyumba ikawa kimya hivi kwamba nilisikia birika linapoa. Nilingoja nione nitajisikiaje. Nikajisikia njaa. Nikakaanga mayai mawili nikala na cheti kikiwa upande wa pili wa meza, kama mgeni asiyekula.

Clyde naye amepata, masomo matatu aliyobakiza ameyapita yote. Amekuja asubuhi kunionyesha chake, kana kwamba si kilekile. Alisimama mlangoni akasema, "Basi, Bi Brekke," nami nikasema, "Basi, Clyde." Akaenda. Ndugu zake wa kanisani wanamjengea vyumba viwili kabla ya majira ya kuchipua. Ile pesa ya mbao uliyotuma ameipokea, ameniambia nikuambie asante, na kwamba usitume tena.

Ile ndoto haijarudi tangu Novemba. Naikosa kidogo, sikufichi. Mwalimu yule wa chaki nilikuwa nimemzoea.

Sasa hili ndilo nililotaka kukuandikia. Bi Joyner ameniomba niwe nakaa meza ya mbele siku za Jumanne, kupokea wapya na kuwaandikisha. Nikamwambia mimi nina cheti cha siku moja. Akasema ndiyo maana.

Jana jioni wamekuja wanane. Saa moja na nusu, wote wameshaanza, nikamwona mwanamke amesimama nje ya mlango. Kama miaka arobaini, koti la kazi la wale wanaosafisha hoteli za ziwani, theluji mabegani. Anasoma ubao wa matangazo. Ule ubao una tangazo moja tu, nalo ni la baiskeli.

Nikatoka. "Karibu. Nikusaidie?"

"Natafuta choo tu," akasema.

"Mwisho wa ukumbi, mkono wa kushoto."

Akaenda. Akarudi. Akasimama palepale.

"Umekiona?"

"Nimekiona, asante."

Ndani Bi Joyner alikuwa anaeleza desimali, na mtu akacheka. Yule mama akawa anazungusha glavu mkononi kama anayekamua nguo.

"Hapo ndani," akasema bila kunitazama, "wanauliza mtu aliacha darasa la ngapi?"

"Wanauliza jina."

"Jina tu?"

"Na jinsi linavyoandikwa, maana mimi si hodari sana wa kusikia."

Akaangalia milango ya nje, kule kwenye magari. Nilidhani nimempoteza. Nikarudi mezani kwangu, nikavuta kiti cha pembeni kidogo, nikajifanya napanga kalamu. Sikuinua kichwa. Nikasikia viatu, vinasimama, vinakuja, vinasimama.

Akakaa ukingoni mwa kiti, hakuvua koti. Sikumwambia avue. Siku ya kwanza hakuna anayevua.

Dada yako,
Ardith